Chupa Niliyoibeba Hadi Khayega

Vijana wangu mnaolala chini ya magari ya watu huku simu zikiwalilia mfukoni, hamjambo? Mimi ni Fundi Ambani. Nimestaafu, au tuseme magoti yangu ndiyo yaliyostaafu, nami nikayafuata. Gereji yangu ilikuwa Kakamega mjini, nyuma ya wauza mbao, na nimefungua injini za petroli kwa miaka mingi kiasi kwamba mke wangu husema mto wangu wa kulalia hauhitaji jina, unajulikana kwa harufu.

Juzi fundi mmoja wa rika lenu alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Alikuwa amesikia tena habari za petroli inayochanganywa na spiriti ya miwa, hiyo mnayoiita ethanoli, akataka kujua kama itaua magari ya wateja wake. Nikamwambia atulie, mafuta hayo niliyaona yakija na niliyaona yakiondoka, na gari halikufa. Aliyekaribia kuua kitu ni mimi. Akasema, "Mzee, hiyo sasa lazima uandike." Basi naandika. Makosa yangu ndiyo mali pekee ninayoweza kuwagawia bila watoto wangu kulalamika.

Kwanza mtoe hofu. Petroli yenye spiriti kidogo ndani yake inawaka, inavuta, inapanda mlima. Wako watakaowaambia hadithi ya jamaa aliyesikia kwamba gari linakunywa miwa, akalitilia pombe kali ya chang'aa. Hadithi hiyo kila mtaa unayo na kila mtaa una jina la jamaa huyo. Mimi sikuwahi kumwona, kwa hiyo sitawasimulia.

Nilichokiona kwa macho yangu ni pikapu ya daktari wa mifugo. Ilikuwa kuukuu, imezunguka Shinyalu yote ikifuata ng'ombe wagonjwa. Mafuta yale yalipoanza kuuzwa huku kwetu, pikapu ikaanza kuzima njiani. Nikabadilisha plagi. Ikazima. Nikafungua kabureta, nikaipuliza mpaka mashavu yakauma. Ikazima. Nikamnunulisha pampu mpya ya mafuta, naye daktari akanitazama jinsi anavyomtazama ng'ombe asiyetaka kusimama. Mwishowe nikafungua chujio, na ndani nikakuta tope la kahawia lililoshikana.

Mzee Juma, aliyenifundisha kazi, alicheka mpaka akashika mbavu. "Spiriti ni sabuni, Ambani," akasema. "Hiyo tangi imekaa na uchafu miaka ishirini. Leo imeogeshwa. Sasa hayo maji ya kuoga unataka yaende wapi?" Tangu siku hiyo, gari la zamani likianza kutumia mafuta hayo, mimi hubadilisha chujio baada ya kujaza tangi mara mbili, halafu mara nyingine tena baadaye. Na hukagua mipira yote ya mafuta, kwa sababu mipira ya zamani haikutengenezwa kwa spiriti. Inalainika na kuvimba, ukiibonyeza inabonyea kama ugali ambao haujaiva. Weka mipira inayofaa na usimwonee mteja huruma, kwa maana mpira ukipasuka juu ya injini iliyo moto hutakuwa na mteja wala gari.

Gari la kabureta nalo linaweza kukohoa likipanda mlima. Hapo mafuta ni membamba, hewa imezidi. Weka jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, kubwa kidogo, rekebisha mngurumo wa injini likiwa limesimama, na asubuhi ya baridi mwambie mwenyewe avute choki kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Atakuambia pia kwamba mafuta yanaisha upesi kuliko zamani. Kubali, ni kweli, yanaisha upesi kidogo. Ukimbishia ataenda kwa fundi mwingine.

Lakini Mzee Juma sijamtambulisha vizuri, na bila yeye mimi nisingekuwa na la kuandika. Alikuwa mtu wa Mumias, mrefu, kofia nyeupe isiyo na tone la grisi ingawa mikono yake ilikuwa nyeusi hadi kwenye viwiko. Aliingia gereji na "Asalaam aleikum," na sisi sote, Wakatoliki, Wakwekari na wasiojulikana, tukaitikia kwa sauti moja. Mwezi wangu wa kwanza kwake hakunipa spana. Alinipa vitambaa. Kimoja amekichovya kwenye petroli, kimoja kwenye dizeli, kimoja mafuta ya taa, kimoja spiriti, ananifunga macho na kuniambia ninuse. Nikikosea naanza upya. "Pua kwanza," alikuwa akisema, "spana baadaye." Nilimchukia mwezi mzima. Leo namshukuru kila ninapopumua.

Alipozeeka aliniachia gereji, lakini kila Jumamosi alipanda gari kutoka Mumias kuja kuketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, akinywa chai na kutukosoa. Jumamosi moja ya namna hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Khayega, Mwalimu Ingosi, mteja wangu wa siku nyingi. Alipoteza kifuniko cha tangi la gari lake. Dukani sikupata cha kulitosha, kwa hiyo nikafanya tunachofanya sote, msijifanye hamkijui: nikakunja kitambaa, nikakifunga kwa karatasi ya nailoni, nikakisokota kwenye mdomo wa tangi. Nikamwambia, "Mwalimu, hii ni ya siku mbili tu, nitakutafutia kifuniko." Kabla ya hizo siku mbili kuisha akaugua, na baada ya wiki chache tukamzika.

Kwao walishika desturi vizuri. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka wazee wakae na kusema kipi ni cha nani. Na wazee wale hawakuwa na haraka. Gari likakaa uani tangu mvua ndefu zilipoanza mpaka mahindi yalipokomaa, nusu tangi ya mafuta ndani yake, mafuta yale yale yenye spiriti. Nailoni ikapigwa na jua, ikapasuka. Mvua ya Khayega mnaijua. Hainyeshi, inamwagwa.

Siku wazee waliposema gari ni la Titus, kijana mkubwa wa marehemu, vijana wa boma walilisukuma mpaka kituo cha mafuta kilichokuwa hapo karibu, kituo kidogo cha pampu mbili. Aliyekuwa akiuza ni mama mmoja aitwaye Rasoa. Akatoa kitambaa, akajaza, akarudisha kitambaa. Wakalisukuma, likawaka kwa kelele, Titus akaondoka kuja Kakamega. Kabla ya kufika Mukumu, njiani, likazima, likagoma kabisa. Likavutwa kwa kamba mpaka kwangu.

Nilitoa mafuta kutoka chini ya tangi, nikayatia kwenye chupa nyeupe ya kioo. Baada ya muda mfupi yakajigawa. Juu petroli, chini kitu kingine cheupe kinachocheza cheza peke yake. Titus akauliza ni nini. Sikunusa. Mimi, niliyefungwa macho mwezi mzima kwa ajili ya kunusa, sikunusa.

"Maji," nikasema. "Umeuziwa maji."

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimempenda Mwalimu Ingosi, na nilijiona mtetezi wa mjane na yatima. Nikapanda pikipiki na chupa yangu mpaka Khayega. Pale kituoni palikuwa na waendesha boda boda kama kumi, wengine wakijaza, wengine wakipiga soga. Nikaiinua chupa juu.

"Tazameni kitu huyu mama anawauzianga! Tazameni hii maji!"

Rasoa alikuwa ameshika mpira wa pampu. Aliurudisha mahali pake polepole. "Fundi," akasema, "mimi nimeuzanga mafuta hapa miaka sita. Kila asubuhi napima tangi ya kituo na ile dawa ya kuonyesha maji kabla nifungue. Na hiyo kitambaa ya hiyo gari, wakati nilitoa ilikuwa imelowa. Nilimwambia huyo kijana."

"Usilete mambo ya kitambaa!" nikamkatiza.

Waendesha boda boda walishaanza kupiga kelele. Mmoja alisema ndiyo maana pikipiki yake inakohoanga. Mwingine akasema hata yeye. Katika kitambo kidogo kila ugonjwa wa kila pikipiki ya Khayega ulikuwa umepata mama yake. Mwenye kituo akapigiwa simu, akaja, akaitazama chupa mkononi mwangu, na kwa kuwa mimi ni fundi anayejulikana hakuniuliza swali hata moja. Alimwambia Rasoa avue koti la kazi aende nyumbani. Rasoa akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza. Hakunitazama.

Nilirudi Kakamega nikijisikia vizuri. Nawaambia ukweli, nilijisikia vizuri sana, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Keshoye ilikuwa Jumamosi. Nilimsimulia Mzee Juma habari yote, nikitarajia anisifu. Akanywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Lete hiyo chupa."

Akaimwaga petroli ya juu taratibu mpaka ikabaki ile ya chini. Akanusa. Akanipa ninuse. Vijana, harufu ya spiriti iliniingia kichwani kabla hajasema neno. Akachukua kifuniko cha soda, akatia matone machache, akaenda nacho mbali kabisa, kwenye ukuta, akawasha kiberiti. Kivulini pale tukaona moto wa buluu, mdogo, unaotambaa bila moshi.

"Maji ya wapi hii inawaka?" akauliza.

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Spiriti na petroli hukaa pamoja vizuri maadamu hapana maji. Maji yakiingia, hata kidogo, spiriti inaiacha petroli na kuyafuata maji, kwa sababu inayapenda zaidi. Zinashuka chini pamoja. Kwa hiyo kile kilichokuwa chini ya chupa hakikuwa maji aliyoyauza mtu. Kilikuwa spiriti ya siku nyingi iliyoitwa chini na maji kidogo ya mvua. Mafuta mapya ya Rasoa yalikoroga tu yaliyokuwa yamekaa humo miezi yote, gari likawaka, kisha yalipotulia likazima.

"Wewe," akasema, "mafuta ya kwa pampu ulichukua ukapima?"

"Hapana."

"Sasa ulihukumu na nini?"

Nikaitazama ile chupa.

"Na hiyo kitambaa kwa tangi, nani aliweka?"

Hapo nilikaa chini kwenye sakafu yenye mafuta, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alisema tu, "Gari unaweza kutengeneza Jumatatu. Huyo mama nenda leo."

Nilipitia sokoni nikanunua jogoo, maana mtu wa kwetu haendi kuomba msamaha mikono mitupu, na hakuna heshima kubwa kuliko ingokho, yaani kuku. Nikaulizia nyumbani kwa Rasoa, nikamkuta akichambua mboga, binti yake mdogo kando yake. Nikamwambia yote, kitambaa, mvua, spiriti, moto wa buluu. Nikamwambia, "Mama, kosa lilikuwa langu tangu mwanzo mpaka mwisho." Nikamnyooshea jogoo.

Hakumpokea. Aliendelea kutoa majani kwenye mashina, moja, jingine, kisha akasema:

"Fundi, ingokho ni ya kuomba msamaha kwa nyumba. Wewe jina yangu hukuharibia kwa nyumba. Uliharibia kwa barabara, watu wakiona. Rudisha huko."

"Nitaongea na mwenye kituo," nikasema.

"Si mwenye kituo. Wale wa pikipiki. Jana mtoto wangu ametumwa duka, wakamwita mtoto wa maji."

Yule binti akainamisha kichwa. Sijui kama nimewahi kuumia vile katika maisha yangu, na mimi niliwahi kuangukiwa na giaboksi.

Basi tukaondoka, mimi na jogoo wangu kwapani, Rasoa nyuma yangu amevaa nguo ya kanisani. Kituoni waendesha boda boda walikuwa wale wale. Niliomba chupa mbili tupu. Ya kwanza nikatia mafuta moja kwa moja kutoka kwenye pampu, nikaiweka chini mbele yao. Tukangoja. Hayakujigawa, yalibaki safi, rangi moja toka juu mpaka chini. Ya pili nikaijaza hayo hayo, nikatia maji ya bomba kidogo, nikatikisa. Tukangoja tena. Chini yakajikusanya, na yalikuwa mengi kuliko maji niliyotia, kwa sababu spiriti ilikuwa imeyafuata. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa. Kisha nikasema kwa sauti ile ile niliyoitumia siku iliyotangulia:

"Huyu mama hajawahi kuwauzia maji. Maji iliingia kwa kitambaa, na kitambaa niliweka mimi. Mimi ndiye nilikosea."

Walicheka, bila shaka. Mmoja akaniuliza kama jogoo pia ni shahidi. Mwingine akasema atanitafuta anisaidie kuvua koti langu. Nilisimama pale nikachekwa mpaka wakachoka. Lakini mzee mmoja kati yao, mwenye pikipiki nyekundu, akavua helmeti, akamgeukia Rasoa na kusema, "Mama, pole. Hata sisi tuliongea kama watu hawana akili." Mwenye kituo alikuwa mgumu zaidi, wenye mali wana aibu nzito. Ilichukua wiki mbili ndipo alipomrudishia Rasoa koti lake, na katika hizo wiki mbili nilikwenda Khayega kila siku niliyoweza, kumkumbusha.

Gari la Mwalimu Ingosi nililitengeneza. Nilimwaga mafuta yote, nikakausha tangi, nikasafisha kabureta, nikaweka kifuniko cha kweli chenye mpira wake. Tangu hapo kitambaa hakijaingia tena kwenye mdomo wa tangi lolote mbele yangu. Na gari litakalolala kwa muda mrefu, iwe ni msiba, ni safari au ni kesi, nawaomba mmwambie mwenyewe ama alijaze pomoni na kulifunga sawasawa, au amwage. Nusu tangi yenye hewa na unyevu wetu huu wa Kakamega ni taabu inayosubiri siku yake. Na kabla hujasema mafuta ni mabaya, pima yale ya pampu. Chupa moja na maji kidogo, dakika chache tu za maisha yako.

Mzee Juma alifariki miaka michache baadaye. Nilikwenda Mumias kumzika, na pale makaburini niligundua tuliolia zaidi ni mafundi. Sikuwahi kumwambia vizuri asante. Nilimwambia kwa chai na kwa kiti kile cha gari. Nyinyi mlio na wazee wenu, waambieni kwa maneno.

Lakini nirudi nyuma kidogo. Miezi kama mitatu baada ya mambo yale ya chupa, gari geni likaingia gereji yangu. Dereva hakunijua. Akasema lilimsumbua Khayega, na mama wa pampu amemwambia asilipeleke kwa mtu mwingine isipokuwa Fundi Ambani wa nyuma ya mbao. Nikadhani nimesikia vibaya. Wiki ile yakaja magari mawili mengine. Mwaka ule zaidi ya nusu ya wateja wangu wapya walitoka kwenye mkono wa Rasoa, na ikaendelea hivyo mpaka nilipofunga gereji. Watoto wangu wamesoma, nyumba ina bati, na kwa sehemu kubwa ni yeye.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa nimekwenda kujaza mafuta, nikamuuliza, "Mama, baada ya yale niliyokufanyia, mbona unaniletea watu?"

Akaendelea kutazama namba za pampu zikikimbia.

"Mafundi wote mimi najua," akasema, "gari ikiwashinda wanasemanga ni mafuta. Ni wewe tu nimewahi kusikia akisema, 'Ni mimi nilikosea.'"

Akachomoa mpira, akafunga kifuniko cha tangi langu, akakikaza mara mbili, na kunipungia mkono niondoke, kwa maana nyuma yangu kulikuwa na watu wanangoja.